Ng'ombe Aliyekula Pamba Hana Kabila

Barabara itokayo Kasese kuelekea kusini, ifikapo Kikorongo, hugawanyika. Tawi moja hushika njia ya Katunguru na kwenda zake Mbarara. La pili hupinda magharibi, likapita Nyakatonzi hadi Bwera na mpaka wa Kongo pale Mpondwe. Askari yeyote aliyepata kusimama zamu katika njia panda ile anajua kwamba kwa muda wa saa moja tu atapitwa na magunia ya chumvi ya Katwe, kahawa iliyoteremshwa mlimani, samaki wa ziwani, padri juu ya pikipiki, shehe aendaye matangani, na mchungaji wa ng'ombe aliyeikumbatia fimbo yake kama bunduki. Mmoja husema Kikonzo, mwingine Kisongora, wa tatu Kitoro, na wa nne Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Lakini wote, wakisimamishwa, humjibu askari kwa Kiswahili.

Hapo pana jambo la kufikiri. Katika nchi yetu Kiswahili kilivuma kuwa lugha ya kizuizi cha barabarani na ya amri ya kulala chini, na wazee walioiona miaka ya 1970 hawajasahau. Walakini njiani pale ndiyo lugha pekee isiyokuwa na shamba wala malisho ya kugombania. Nadhani askari naye yampasa awe hivyo. Ndiyo maana nimeona vema niwaandikie wenzangu wa jeshi na polisi juu ya chanzo cha ugomvi wa makabila na wa dini, si kama mwanachuoni, bali kama ofisa ambaye kazi yake ya kila siku ni kuyapa majina mambo yaliyokwisha kutokea.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa luteni ambaye hajatimiza mwaka tangu kutoka shule ya kadeti, gari letu liliharibika si mbali na Kikorongo, nami nikaketi kungoja fundi katika kituo kimoja kidogo cha polisi kando ya barabara. Wakaja wanaume wawili, na nyuma yao watu wapatao thelathini, kila mmoja na upande wake. Ng'ombe walikuwa wameingia usiku katika shamba la pamba. Konstebo kijana aliyekuwa mezani akafungua daftari la matukio, akaandika kwa mwandiko mzuri sana kwamba Wasongora wamevamia ardhi ya Wakonzo. Kisha akayasoma maandishi yake kwa sauti ili mlalamikaji athibitishe. Mlangoni ukapita mnong'ono, na vijana watatu wakaondoka upesi upesi, bila shaka kwenda kuwaita wenzao.

Sajini wa kituo alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumshika. Akaja taratibu, akalisoma daftari, akauliza, "Mwanangu, ng'ombe wangapi?" Konstebo hakujua. "Ni wa nani?" Hakujua hilo pia, ingawa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake. "Wamekula mistari mingapi?" Kimya. Sajini akamwamuru aikate sentensi ile kwa mstari mmoja, atie sahihi pembeni, aanze upya. Maandishi ya pili yalisema kwamba ng'ombe kumi na mmoja, mali ya fulani, waliingia katika shamba la fulani baina ya saa nane na saa kumi usiku; kwamba mistari thelathini na miwili ya pamba imeharibika; na kwamba ua la miiba upande wa barabara lilikuwa limebomoka kabla ya siku hiyo. "Sasa," akasema, "nenda na hawa wawili mkahesabu." Wale thelathini hawakuwa na la kuhesabu. Jua lilikuwa kali, wakaanza kutawanyika.

Nimehudhuria semina nyingi juu ya amani, nyingine katika hoteli zenye viyoyozi, na sikumbuki hata moja iliyonifundisha kuliko mstari ule mmoja wa kalamu. Sisemi kwamba kabila na dini ni vivuli visivyo na uzito. Mtu hufa kwa ajili ya imani yake, na lugha ya mama yake hawezi kuivua kama koti. Nasema kwamba nikiuchimba ugomvi wowote wa nchi hii ulioitwa wa dini au wa kabila, chini yake nakuta kitu cha kuhesabika: ekari, kiti, ushuru, nafasi ya shule, malisho. Kitu hicho hugombaniwa na wachache, na aghalabu kinaweza kuamuliwa. Jina kubwa likishabandikwa juu yake, hata yule asiyekuwa na shamba hujiona ameibiwa.

Tuanze na mwanajeshi mwenzetu wa zamani. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikizitafuta nchi hizi, alipita huku kwetu chini ya milima. Akajenga ngome yake Katwe penye chumvi, akaiita Fort George, akamrudisha Kasagama katika kiti cha Toro, kisha akaenda Kavalli kuchukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha. Miezi michache baadaye alikuwa Mengo. Huko Buganda Waislamu na Wakristo walikuwa wameungana mwaka 1888 kumwondoa Kabaka Mwanga, na wiki chache tu baada ya kumwondoa wakageukiana wao kwa wao. Kufikia 1892 waliobaki wakitazamana kwa jicho baya walikuwa Wakatoliki na Waprotestanti. Kilichowasha moto kilikuwa ugomvi juu ya bunduki: Mprotestanti mmoja akauawa, Kabaka akaamua kwa desturi ya nchi kwamba aliyeua hana hatia, Lugard akaukataa uamuzi huo. Akawagawia Waprotestanti bunduki, na tarehe 24 Januari 1892, kwa msaada wa bunduki yake ya Maxim, upande mmoja ukashinda. Baada ya hapo saza za Buganda ziligawanywa kwa dini: Wakatoliki wakapewa Buddu, Waislamu wakapewa sehemu ndogo, na Waprotestanti wakakaa karibu na kiti.

Tazameni jinsi mambo yalivyopangana. Mtu ameuawa, kesi ni moja. Mwenye silaha anachagua upande, na kesi moja inakuwa vita. Vita vinagawa vyeo, na vyeo vikishagawanywa kwa dini, mtoto ambaye hajazaliwa anajua tangu tumboni atakuwa nani. Miaka 70 baadaye, nchi ilipopata uhuru, watu walikuwa bado wakikitazama chama cha DP kama cha Wakatoliki na UPC kama cha Waprotestanti, hata ikawa mzaha wa vilabuni. Mzaha huo umetugharimu sana.

Turudi kwetu Rwenzori. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaweka Wakonzo na Wamba chini ya ufalme wa Watoro. (Wenzangu msicheke, hawa si askari waliokimbia kambi, ni watu wa Toro. Nitawaita Batoro, asije sajini fulani akatoka kwenda kuwasaka.) Machifu wakatoka upande mmoja, kodi ikatoka upande mwingine, na shuleni mtoto wa Kikonzo alifundishwa kwa lugha isiyokuwa yake. Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli waliinuka mwaka 1919, na mwaka 1921 wakanyongwa. Mwaka 1962, wakati bendera ya Uhuru ikishonwa, wajumbe wa Kikonzo na Kiamba katika baraza la Toro waliomba makabila yao yatajwe katika katiba ya ufalme pamoja na Batoro. Wakakataliwa, wakatoka barazani, na Isaya Mukirane akapanda mlimani na kutangaza Rwenzururu. Waliosalia bondeni wakachinjana. Wilaya waliyokuwa wakiidai ilitolewa mwaka 1974, kwa amri tu ya Serikali ya wakati ule, na tarehe 15 Agosti 1982 mwana wa Mukirane, Charles Wesley Mumbere, akashuka na watu wake wakaweka silaha. Miaka 20! Na lililoombwa mwanzoni lilikuwa majina mawili yaandikwe katika karatasi.

Mimi si mwanasiasa, wala sina ruhusa ya kuwa mmoja nikiwa nimevaa sare. Lakini naona si haramu kusema kwamba daftari linaweza kuua kwa kukataa kuandika jina, kama liwezavyo kuua kwa kuandika jina lisilohusika.

Halafu kuna ardhi ya tambarare, ambayo ndiyo hasa ya Kikorongo. Wafugaji wa Kisongora walichunga hapo tangu kale. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliwahamisha watu wengi kutoka kando ya maziwa, na mwaka 1952 ikatangazwa mbuga ya wanyama ya Kazinga, ambayo mwaka 1954 ilipewa jina la Malkia Elizabeth. Mbuga hiyo ni kilomita za mraba zipatazo 1,978. Wafugaji wengi wakavuka kwenda Kongo na ng'ombe wao. Wakati huohuo Wakonzo waliongezeka mlimani mpaka mlima ukawashinda, wakashuka kulima pamba na mahindi. Mwaka 2006 wafugaji wakafukuzwa katika mbuga ya Virunga upande wa Kongo, wakarudi na makundi yao, wakaikuta nyumba ya babu imepandwa tembo upande huu na pamba upande ule. Serikali ilikata sehemu za ardhi ya umma ikawagawia wafugaji na wakulima, na kila upande ukaona mwenzake amependelewa.

Je, nani mwenye haki? Mkulima anasema, nimelima hapa miaka thelathini. Mfugaji anasema, kaburi la babu yangu limo ndani ya mbuga. Wote wawili wanasema kweli. Hili ni suala la mpimaji wa ardhi, la hakimu, la ua la miiba, na la mtu kuwa mvumilivu. Lakini askari akifika shambani akauliza kwanza, "Ninyi ni kabila gani?" amekwisha kulitoa mikononi mwa mpimaji na kulitia mikononi mwa vijana wenye mapanga.

Upande wa dini hali si tofauti. Baraza Kuu la Waislamu liliundwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi uongozi wake na mali zake viligombaniwa na makundi yaliyoswali kwa kuelekea kibla kimoja. Mwezi Machi 1991 kundi la vijana wa Tabliq lilivamia makao makuu ya Baraza pale Old Kampala, na askari polisi wakauawa. Hao walikuwa wenzetu. Jamil Mukulu, aliyezaliwa Mkatoliki akasilimu, alikuwa miongoni mwa waliofungwa kwa mkasa huo. Baadaye akawa kiongozi wa ADF. Na ADF ilipovamia Mpondwe tarehe 13 Novemba 1996, haikuwa ya Waislamu peke yao. Ilikuwa imeungana na mabaki ya NALU, ambao wengi wao walikuwa watu wa milima hii wenye kinyongo cha zamani, na ambao hawakujua hata aya moja ya Kurani. Kinyongo cha msikiti na kinyongo cha mlima vilikutana msituni vikaoana. Mahari yakalipwa na wanafunzi wapatao 80 walioteketezwa mabwenini Kichwamba mwezi Juni 1998, na tena na watoto wa shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe usiku wa tarehe 16 Juni 2023, walipouawa watu zaidi ya 40.

Mtu akiniambia kwamba waliofanya hayo walifanya kwa sababu ya Uislamu, namkumbusha Meja Muhammad Kiggundu. Alikuwa shehe, alikuwa mwasi wa ADF, akasamehewa, akavaa sare yetu, akawa anahubiri dhidi ya uasi. Alipigwa risasi akafa Kampala asubuhi ya tarehe 26 Novemba 2016.

Na tarehe hiyohiyo, Jumamosi, Kasese ikawaka. Sitaweza kuandika kwa askari juu ya jambo hili nikairuka siku hiyo. Tangu Serikali ilipoutambua ufalme wa Rwenzururu na Mumbere kutawazwa mbele ya Rais mwaka 2009, maswali madogo yalikuwa yakirundikana: nani mfalme wa nani, Wasongora, Wanyabindi na Wamba wana viongozi wao au hawana, wilaya igawanywe au isigawanywe, soko hili la nani. Mwezi Julai 2014 vijana wenye mapanga na mikuki walivamia vituo na kambi katika Kasese, Bundibugyo na Ntoroko, na makumi ya watu wakafa. Kisha yakaja ya mwaka 2016: askari polisi waliovamiwa katika vituo vidogo vya vijijini, na siku ya pili jeshi na polisi kuingia katika kasri mjini Kasese. Kwa siku mbili walikufa watu zaidi ya 100, miongoni mwao askari polisi wasiopungua 14. Mfalme alishtakiwa, na mwezi Juni 2023 mashtaka yake yakaondolewa, akarudi nyumbani mwaka huohuo.

Wapo watakaonilaumu kwa kuwataja wafu wa pande zote mbili katika aya moja. Nimewataja hivyo kwa makusudi. Wajane wa polisi wale hununua chumvi sokoni pamoja na wajane wa walinzi wa kasri, na sokoni hapo hakuna aliyeulizwa aya yake. Jambo ninalotaka tulitazame ni lile lililotangulia, miaka ile ambayo kila ugomvi wa soko uliandikwa katika ripoti zetu kama ugomvi wa kabila. Ofisa aliyezisoma ripoti hizo mezani hakuona ng'ombe wala ua wala bei ya kibanda. Aliona kabila moja tu, kila wiki, limefanya hivi, limefanya vile. Akishasoma ripoti 50 za namna hiyo, siku atakapotoa amri atakuwa akimtolea nani amri hiyo? Na kijana wa kijijini, ambaye kila akienda kituoni husikia jina la kabila lake kabla ya jina la baba yake, naye atatuona sisi ni nani?

Katika kambi zetu tunayo majibu, ila hatuyatoi nje ya lango. Kikosini yumo padri na yumo imamu. Mkonzo hulala kitanda cha juu na Msongora cha chini, na wakigombana ni juu ya ndoo ya maji, na kwata la adhabu huwapata wote wawili. Hakuna afande anayeandika kwamba Wakatoliki wamewaibia Waislamu ndoo. Anaandika jina, namba ya jeshi, na ndoo.

Sasa niseme langu, maana nimewasema wengine vya kutosha. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya usemaji, doria ilimkamata kijana mmoja karibu na mpaka akiwa na katoni mbili za dawa na betri nyingi. Nikatoa taarifa kwa waandishi wa habari kwamba "kijana wa Kiislamu" amekamatwa akishukiwa kuwapelekea waasi mahitaji. Kila neno lilikuwa kweli. Alikuwa kijana, alikuwa Mwislamu, na alishukiwa. Taarifa ikasomwa redioni asubuhi, mchana na jioni. Siku ya nne ikathibitika kwamba dawa zilikuwa za duka lake, betri za duka lake, na karatasi zote anazo. Akaachiliwa. Kuachiliwa kwake hakukusomwa redioni, kwa kuwa hakuna aliyeniagiza kuandika taarifa ya pili, nami sikuiandika.

Neno moja katika taarifa ile halikuwa na kazi. Ningeliondoa, asingepungukiwa mtu yeyote: msomaji angejua kijana amekamatwa, mahali gani, na kwa nini. Nililiweka kwa sababu lilikuja lenyewe kwenye kalamu, kama lilivyomjia konstebo wa kituo kile.

Mwaka uliofuata nilipita na gari katika kituo chake cha biashara. Duka lilikuwa wazi, lakini rafu zilikuwa nusu tupu, na wateja walikuwa wamejaa duka la jirani. Nikashuka nikanunua sabuni na betri mbili. Sijui kama alinitambua. Nilikuwa na sare, na jina langu liko kifuani. Alizifunga katika karatasi, akahesabu chenji mara mbili, akanipa, akarudi kukaa.